UZI: Adabu za China kwa anayekwenda mara ya kwanza (mezani, zawadi, kupatana bei, WeChat)

Nahodha wa Kontena (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu.

Kila Aprili na Oktoba, Maonyesho ya Canton yanapofunguliwa pale Pazhou jijini Guangzhou, ndege zinajaa wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala. Maandalizi huwa ni viza, tiketi na mtaji. Adabu za kule mtu anaziacha zimkute hukohuko, halafu anashangaa mwenye kiwanda aliyemchangamkia jana leo anajibu ujumbe kwa neno moja. Msimamo wangu ni huu: ukijua nani anatangulia na nani anafuata, na ukaepuka kumwaibisha mtu mbele za wenzake, makosa mengine mengi utasamehewa kwa ugeni wako. Naanza na meza ya chakula kwa kuwa ndiko Mchina anakokupima.

KUKAA. Ukialikwa rasmi utaingizwa chumba cha peke yenu chenye meza ya duara. Kiti kinachotazama mlango ndicho kiti cha heshima. Sehemu nyingi anakaa mwenyeji mkuu, mgeni mkuu akawa kuliani kwake na mgeni wa pili kushotoni. Kiti kinachoupa mlango mgongo ni cha mdogo wao, ambaye mara nyingi ndiye anayeagiza chakula na kushughulikia bili. Usijichagulie kiti. Simama mpaka uonyeshwe. Ukielekezwa kiti cha juu, jivunge mara moja kwa maneno, kisha kaa. Ukiendelea kung'ang'ania kiti cha chini unawakwamisha wote, kwa sababu hakuna wa kukaa kabla yako.

KUANZA. Visahani vya vyakula baridi hutangulia, vinafuata vya moto, halafu wali au tambi, na matunda mwisho. Hapa watu wetu wengi hukwama: wanasubiri wali ili wale na mboga, wali unakuja wakati wenzao wameshashiba. Ukiutaka mapema sema tangu mwanzo, utaletewa bila neno. Mgeni mkuu ndiye anayetakiwa kuchota kwanza, kwa hiyo kama wote wamekodoa macho na hakuna anayekula, yawezekana wanakusubiri wewe.

Kioo cha duara cha katikati ya meza, kinachobeba sahani za wote, kinazungushwa polepole, kwa kawaida kufuata mwendo wa saa. Angalia kwanza kama kuna mtu anachota. Chota upande unaokuelekea, kidogokidogo, na usichimbue chini kutafuta mnofu. Kukiwa na jozi mbili za vijiti mbele yako, moja mara nyingi ya rangi tofauti, hiyo moja ni ya kuchotea kutoka sahani ya wote na nyingine ya kupeleka mdomoni. Usizichanganye.

VIJITI. Kosa kubwa kuliko yote ni kuvisimika wima kwenye bakuli la wali. Hivyo ndivyo udi unavyochomekwa kwa ajili ya wafu, na mezani watu wazima watashtuka. Usigonge navyo bakuli, ni ishara ya ombaomba. Usimnyooshee mtu. Ukipumzika vilaze kwenye kilalio chake. Kuinua bakuli la wali hadi karibu na mdomo ni sawa kabisa, na mifupa na miba inawekwa kwenye kisahani kilicho mbele yako, si ndani ya bakuli.

Vijiti vikikushinda omba kijiko. Hakuna atakayekuona mshamba.

Na usimalize chakula chote sahanini. Sahani tupu inamwambia mwenyeji kwamba chakula hakikutosha.

---

MkalimaniGZ

Mkuu umeanza vizuri, ila hilo la mwisho lirekebishwe. Kuacha chakula makusudi ilikuwa desturi, na kwa wazee bado ipo, lakini mambo yamebadilika. Kampeni ya sahani safi ilianza 2013 na ikarudishwa kwa nguvu 2020, na tarehe 29 Aprili 2021 ilipitishwa sheria ya kuzuia upotevu wa chakula. Leo mwenyeji mwenyewe ataita vifungashio na kubeba mabaki.

Tofautisheni vyombo viwili. Bakuli lako mwenyewe limalize. Sahani za katikati ndizo zisifagiliwe hadi chembe ya mwisho, hasa na mgeni. Mwenyeji akikuwekea chakula bakulini ni upendo huo, onja. Ila ukishiba kweli, kile cha mwisho alichokuwekea yeye kiache kibaki bakulini, kwa sababu ukikimaliza ataongeza kingine.

Nyongeza kuhusu samaki: huletwa mzima, na kwa mwambao wa Guangdong na Fujian usimgeuze baada ya kumaliza upande wa juu. Kwa jamii za wavuvi, kugeuza samaki ni kupindua chombo baharini. Uti wa mgongo unainuliwa, kisha mnaendelea na mnofu wa chini.

Sasa vinywaji, ambako watu wanaharibu zaidi. Baijiu ni pombe kali ya nafaka, nyingi asilimia 52 au 53, inayonywewa kwenye vikombe vya kiasi cha mililita 10. Hainywewi kimyakimya mtu peke yake. Unainua kwa ajili ya mtu fulani. Mwenyeji anaanza kwa wote. Baadaye mnaanza kuzungukiana mmojammoja, na hapo ndipo mpangilio anaousema mleta mada unaonekana:

Ukigonganisha na mkubwa kwa umri au cheo, shika kikombe kwa mikono miwili, na mdomo wa kikombe chako uwe chini kidogo ya chake. Akishusha chake kwa unyenyekevu, shusha tena kidogo, kisha nyweni. Msishindane hadi sakafuni. Mwanzie mkubwa wao, ushuke kwa cheo. Ukimruka meneja ukaenda kwa binti wa mauzo kwa sababu ndiye mnayeandikiana kila siku, umemponza yule binti.

Mtu akisema "ganbei" maana yake ni kumaliza kikombe. "Suiyi" ni kila mtu kwa kadiri yake. Mwenye gari ana kinga kamili: kuanzia miligramu 20 za pombe kwa mililita 100 za damu ni kosa, na kuanzia 80 ni jinai, kwa hiyo neno "naendesha" linamaliza mjadala palepale.

---

Bint Mvita

Asalaam aleikum ndugu zangu. Na sisi tusiokunywa, wala nguruwe hatumgusi? Nimeambiwa kukataa pombe ya mwenyeji ni kumvunjia heshima.

---

MkalimaniGZ

Waaleikum salaam dada. Kinachovunja heshima ni kukubali kikombe cha kwanza halafu kukataa cha pili. Hapo inaonekana umemkataa aliyekuja na cha pili. Sema tangu kikombe cha kwanza kwamba dini hairuhusu, omba chai, na kila wanapoinua wewe inua chai yako kwa mikono miwili. Kunywa chai badala ya pombe ni desturi inayojulikana, ina hata msemo wake: *yi cha dai jiu*. Wanaokunywa dawa husema hivyohivyo na wanaeleweka.

Kuhusu chakula, taarifa itangulie. Mwandikie mwenyeji kwenye WeChat (programu yao ya simu ya ujumbe na malipo) siku moja kabla, si mkiwa mezani, kwa sababu akiwa ameshaagiza sahani kumi na mgeni hali, aibu inamwangukia yeye. Na usiandike "sili nguruwe" peke yake. Wengi wanaelewa ni vipande vya nyama tu. Andika: hakuna nyama ya nguruwe, mafuta ya nguruwe, damu wala pombe kwenye mapishi. Mboga za majani zinazoonekana salama mara nyingi zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe au zimenyunyiziwa nyama ya kusaga, na tofu vilevile. Mkialikwa kwenye supu inayochemka mezani, omba chungu chako peke yako. Chungu chenye ukuta katikati hakitoshi, maana vijiti na kijiko vinahama kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Njia nyepesi ni kumpendekezea mgahawa wa *qingzhen*. Hilo ndilo neno lao la chakula cha Waislamu, na mara nyingi kibao chake kina rangi ya kijani. Maduka ya tambi za Lanzhou yanayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi yapo karibu kila mji. Na humo kuna adabu yake: usiingie na bia wala chakula chenye nguruwe ulichonunua nje.

---

Mzee wa Pugu Road

Dada, kwa swala ya Ijumaa pale Guangzhou kuna Msikiti wa Huaisheng, barabara ya Guangta, mmoja wa mikongwe zaidi China. Na kuna ule wa Xianxian, ambako kwa mapokeo ya Waislamu wa China ndiko alikozikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, si mbali, na chakula cha Kiafrika kinapatikana huko.

---

Kibuyu Kipya

Wakuu nashukuru kwa elimu. Naomba kuuliza zawadi. Nataka kumpelekea mwenye kiwanda saa ya ukutani yenye picha ya Mlima Kilimanjaro, nzuri sana ya mbao. Na wafanyakazi wake niwape kofia. Vipi hapo?

---

Nahodha wa Kontena

Mkuu saa iache kabisa. Kumpa mtu saa ya ukutani au ya mezani kwa matamshi yao ni sawa na kumsindikiza marehemu, na mpokeaji atapata taabu hata mahali pa kuiweka. Ya mkononi haina uzito huo kwa wengi.

Kofia uliza rangi. Mwanamume wa Kichina havai kofia ya kijani, kwa kuwa maana yake ni mume ambaye mkewe anatoka nje ya ndoa. Na bidhaa zetu nyingi za utalii na michezo ni za kijani! Badilisha.

Vingine vya kuepuka: mwavuli na matunda ya pea (vyote kwa matamshi vinagusa kutengana), visu na mikasi, leso za mkononi, maua meupe au ya manjano ya krisanthemamu ambayo ni ya makaburini. Karatasi ya kufungia isiwe nyeupe wala nyeusi. Nyekundu au dhahabu ndiyo yenyewe. Kama ni vitu vya kuhesabika visiwe vinne. Sita au vinane ni heri. Na usiandike jina la mtu kwa wino mwekundu.

Cha kupeleka: kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa na kufungwa kiwandani, mchoro wa Tingatinga uliokunjwa kwenye bomba, kitenge kizuri. Matunda mabichi, nyama na mbegu zitakamatwa forodhani. Pembe za ndovu hata kipini ni jela.

Namna ya kutoa ndiyo inayosahaulika. Mikono miwili, wewe na yeye. Atakataa mara moja, mbili, pengine tatu. Endelea kwa upole, ndivyo inavyotakiwa. Hatafungua mbele yako, na wewe usifungue yake mpaka akuombe. Kama zawadi ni moja, itoe kwa mkubwa kwa niaba ya kampuni nzima mbele ya wote. Kama una za watu mbalimbali, ya mkubwa iwe kubwa kuliko za wengine, au usubiri uwapate mmojammoja.

Kama unaonana na maofisa wa serikali au shirika la umma, zawadi iwe ndogo ya kumbukumbu tu. Tangu kanuni 8 za Desemba 2012 za kubana ubadhirifu, kitu cha thamani kinamtia mtu matatani kazini kwake.

---

Shoga wa Yiwu

Naomba nichangie upande wa sokoni, maana mezani pameelezwa vya kutosha.

Majina kwanza. Ukoo unatangulia. Mtu akiwa Wang Xiaoming, Wang ndio ukoo. Usimwite Xiaoming kama si rafiki yake. Meneja ni Wang jingli, bosi wa kampuni ni Wang zong, mwenye duka ni laoban. Dereva na fundi waite shifu, watakupenda. Mhudumu wa mgahawa ni fuwuyuan; "xiaojie" iacheni, sehemu nyingi ina maana chafu siku hizi.

Kadi ya biashara inatolewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayepokea. Isome sekunde chache, iweke mezani mbele yako. Usiiandikie bei juu yake akikuona. Ila ukweli ni kwamba siku hizi kadi nyingi zimegeuka WeChat. Mnapounganishwa, mdogo ndiye anayeskani msimbo wa mkubwa. Andika mara moja jina lako, nchi na bidhaa unayotafuta, la sivyo kesho utakuwa mgeni mmoja kati ya mia.

Usimtumie mkubwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Yeye yumo kikaoni na hawezi kuusikiliza, wala mashine haitafsiri vizuri Kiingereza chetu cha haraka. Andika sentensi fupi. Na kile kikatuni cha uso unaotabasamu kwa utulivu, wa kawaida kabisa, msikitumie kwa vijana: kwao ni ubaridi au dharau. Tumieni cha kucheka au cha ua.

Bei. Kabla ya kuuliza bei sema idadi, kwa sababu pale Yiwu, mji wa soko kubwa la jumla, bei inafuata katoni. Ukiuliza bei ya kila kitu rafuni bila idadi, anajua hununui. Usipige picha za bidhaa bila ruhusa, maduka mengi yana kibao cha kukataza, wanaogopa kuigwa. Kupatana kupo, ila usimbane mwenye duka mbele ya mteja mwingine au mfanyakazi wake. Mvute pembeni, au tumia kikokotoo: yeye anaandika, wewe unaandika, hakuna anayesikia. Akishafika mwisho na ukaendelea kusukuma, atakubali, na punguzo hilo utalikuta kwenye mali: bati jembamba, uzi mwepesi, zipu ya daraja la chini. Kwa hiyo kila bei mpya iandikiwe vipimo vyake: unene kwa milimita, uzito kwa gramu, aina ya malighafi, na sampuli iliyosainiwa ibaki na wewe.

Swali la ndiyo au hapana ni mtego. Ukiuliza "mtamaliza tarehe 20?" jibu litakuwa hamna shida. Uliza "kitambaa kinafika lini kiwandani, mashine ngapi zitashona, kwa siku vipande vingapi?" Hesabu itakuonyesha mwenyewe. Wakisema "tutalitafakari" au "labda si rahisi sana," jibu ni hapana, usilazimishe itamkwe.

---

Mzee wa Pugu Road

Shoga umenena. Mali ikija mbovu je? Vijana wetu wanaanza kutukana kwenye grupu lenye watu arobaini.

---

Shoga wa Yiwu

Shikamoo mzee. Hapo wamejifungia mlango wenyewe, kwa sababu bosi akishaaibishwa mbele ya wafanyakazi wake hana njia ya kurudi nyuma bila kudharaulika. Anaona heri kupoteza mteja.

Anayetaka kulipwa fidia afanye hivi. Piga picha za katoni kabla ya kufungua na baada, namba ya katoni ionekane. Hesabu mbovu, pima dhidi ya sampuli iliyosainiwa. Mtumie bosi peke yake, faraghani. Anza kwa kushukuru kwa oda zilizopita, weka takwimu, halafu muulize "tulimalizeje hili?" Mwache yeye apendekeze. Mara nyingi atatoa punguzo kwenye oda ijayo au kuongeza vipande vya bure, maana hivyo anaweza kufanya bila kutamka kwamba amekosea. Fedha taslimu kurudishwa ni nadra. Ndiyo maana salio la mwisho lisilipwe kabla ya ukaguzi, lakini sharti hilo lisemwe siku ya kuweka oda. Ukilileta siku ya kupakia utaonekana tapeli.

---

MkalimaniGZ

Shikamoo mzee Pugu. Naongeza muda. Fika dakika 5 hadi 10 kabla. Saa sita hadi saa nane mchana ofisi na viwanda vingi vinakula na kulala kidogo, usipige simu. Sikukuu ya Mwaka Mpya wao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda hufungwa wiki kadhaa, na baada ya hapo baadhi ya mafundi hawarudi kazini palepale. Oda inayokimbizwa wiki ya mwisho ndiyo inayotoka mbovu. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni mapumziko ya taifa. Na Qingming, Aprili 4 au 5, ni siku ya kusafisha makaburi: usimtumie mtu salamu za "sikukuu njema".

Chai ya Guangzhou haijaguswa. Asubuhi mkienda kula vitafunio vya mvuke, chai ya kwanza ni ya kusuuzia kikombe, bakuli na vijiti, na kuna bakuli kubwa la kumwagia. Usiinywe. Unamimina kwa wengine kwanza, mkubwa akitangulia, wewe mwisho, na kikombe kijae sehemu saba kwa kumi tu. Chai iliyofurika ni kama kumwambia mgeni aondoke, wakati pombe inatakiwa ijae. Anayemiminiwa anagonga meza taratibu kwa vidole viwili mara mbili tatu; ndiyo asante, wala hakatizi mazungumzo. Mdomo wa birika usimwelekee mtu. Birika likiisha, weka mfuniko kiupande, mhudumu atakuja kuongeza maji.

---

Kibuyu Kipya

Nimeelimika mno. Swali la mwisho: bili. Nani analipa, na bakshishi ni kiasi gani?

---

Nahodha wa Kontena

Aliyealika ndiye anayelipa, yote. Kugawana mbele ya mwenyeji ni kumwambia hana uwezo. Wewe jitokeze kulipa mara moja au mbili kwa maneno, kisha umwachie. Halafu umwalike wewe kabla hujaondoka, mgahawa wa hadhi inayokaribiana. Siku hiyo jifanye unakwenda msalani matunda yakishaletwa, lipa kaunta kimya, rudi ukae. Ukingoja bili iletwe mezani atakupokonya.

Kwa kulipia, unganisha Visa au Mastercard yako kwenye Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato. Juu ya hapo ni asilimia 3. Noti zipo kisheria, ila vibanda vingi havina chenji.

Bakshishi hakuna, si mgahawani wala kwenye teksi. Ukiacha fedha mezani mhudumu atakufuata nazo, akidhani umesahau.

Na ukialikwa kulala nyumbani kwa mtu, siyo hotelini, sheria inataka ujiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24. Mwenyeji wako anaweza kuona haya kukukumbusha, kwa hiyo lianzishe wewe, mwende pamoja na pasipoti siku hiyohiyo. Viatu unavua mlangoni, ndala utapewa.